Kabureta ya Kulia

Nakumbuka asubuhi moja kule Isansa, mwanangu, nikiwa kijana wa mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Habari ilikuja kutoka Chitete, kwa dada yetu aliyekuwa akimuuguza mama: mama amezidiwa, anamtaja kaka yangu Yona. Gari la kwenda huko lilikuwa limeshaondoka. Ikabaki pikipiki kuukuu aliyotuachia baba, yenye kabureta mbili za kupeleka petroli kwenye injini, iliyokaa ghalani miezi mingi mpaka petroli ikagandia ndani.

Yona akaenda kutafuta petroli mpya, akaniachia kazi.

“Fungua kabureta zote mbili uzioshe, umesikia? Usije ukanifanya nisukume chuma hiki kama toroli la viazi.”

“Kaka, kwani mimi si fundi?”

“Fundi wa kula,” akasema, akacheka. Sikumwona tena akicheka vile.

Ya kushoto niliifungua, nikaiosha, nikapuliza kitundu chake mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Ya kulia skrubu ilikataa. Bisibisi iliteleza, ikanichubua kidole, nikakasirika. Nikaifuta kwa nje tu, ikang'aa. Nilipopiga kiki injini ilikohoa, ikashika.

Yona akarudi. “Zote?”

“Tayari, kaka.”

Nilimdanganya bila hata kumeza mate.

Pikipiki ilimzimikia mlimani, mbali na nyumba za watu. Aliisukuma mpaka jioni. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Dada alimwambia kwamba kila pikipiki iliyopita barabarani, mama aliuliza, “Ni Yona huyo?”

Baada ya maziko kaka aliniita nyuma ya nyumba. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige.

“Ya kulia nilijaribu kuifungua mwenyewe njiani, ikanishinda,” akasema. “Skrubu haikuwa imelegea hata kidogo. Mdogo wangu, ungesema bado, ningeenda kuomba pikipiki ya jirani. Yule angenipa.”

Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Wiki iliyopita tulimzika Yona, na pale msibani watu walisifu jinsi tulivyopendana. Ni kweli tulipendana. Lakini nilishindwa kuinua uso.

Sikuambii kwamba mama angepona. Hilo silijui. Ninachojua ni kwamba mwanawe angemshika mkono, na mimi ndiye niliyezuia, kwa sababu niliona aibu kusema skrubu imenishinda.

Basi nisikilize, mwanangu. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tena sema mapema, mwenzako akiwa bado ana njia nyingine ya kupita. Watakucheka, na kicheko hicho kitaisha kabla ya jua kuzama. Na kama umeshamdanganya mtu, mkimbilie barabarani, umwite kwa sauti, hata kama ameshawasha na kuondoka. Mimi nilisimama nikimpungia mkono.

Mungu akupe moyo wa kusema “bado” bila kutetemeka. Akufikishe kwa wanaokungoja wakiwa hai, nao wakuone uso kwa uso.