Kilio Kisicho na Maiti

Mke wangu alipobeba mtoto na kurudi kwa mama yake, sikumfuata, kwa sababu huyo mama nilimwogopa kuliko Mungu. Alikuwa ametuma neno fupi kupitia shemeji yangu: "Mutoto yangu hatarudia kwa mulevi." Basi. Mama wa Kikasai akisema, amesema. Mjane wa mfanyakazi wa mgodi, mwimbaji wa kanisa, kitambaa chake cha kichwa hakijawahi kulegea. Nilijua kwamba nisipoacha lutuku, ile pombe yetu kali ya kienyeji, mke sina tena.

Nesi mmoja wa zahanati ndiye aliyenidokezea kwamba kuna watu wanaokutana Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kusaidiana kuacha pombe. "Wende nyuma ya tangi ya mayi," alisema. "Utabaona." Sasa, aliyewahi kutembea Kapata anajua kwamba kampuni ya mgodi ilijenga nyumba zile kama mtu anavyopanga matofali yakauke, safu kwa safu, zote sura moja. Nilizunguka tangi lile la maji mpaka mbwa wakanizoea. Kuuliza niliona aibu. Ungeulizaje? Samahani mama, walevi wanakaa wapi?

Mwishowe nikaona turubai limefungwa mbele ya nyumba moja, viti vya plastiki chini yake, na watu wamekaa kimya wakitazama mikono yao. Nikasema moyoni, kilio. Kwetu mtu hapiti kilio kama anavyopita duka. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Tena niseme ukweli, nilifurahi, maana kwenye kilio chupa haikosekani. Mkutano ningeutafuta siku nyingine.

Nikapita kiti kwa kiti nikiwashika mikono. "Pole, tata. Pole, mama. Mungu abatie nguvu." Wote walipokea, "Aksanti, aksanti," bila hata mmoja kucheka. Kijana mmoja mchimbaji, vumbi la shimo bado liko kwenye nyusi zake, alinishika kwa mikono miwili. Nami nasonga tu na uso wangu wa huzuni. Kwenye kiti cha mwisho nilinyoosha mkono, nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu.

Kwetu Wakasai mkwe hakai pamoja na bukwe wake, yaani mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mkwe ndiye anayeingia majanini. Nilipaswa kukimbia. Lakini nani anaondoka kwenye kilio kabla ya kukaa? Mila hii inanisukuma, mila ile inanivuta shati. Nikachukua kiti cha pembeni kabisa, nikaugeuzia ukuta uso, nikangoja chupa ipite. Ikapita chai.

"Tuanze," akasema tata mmoja, mzee mwenye mvi. "Nani atasema?"

Kiti kililia. Mtu akasimama, na sauti yake niliijua kabla ya neno la pili.

"Mi ninakunywaka," alisema mama mkwe wangu. "Tangu bwana yangu alikufa. Ninafichaka chupa mu mufuko ya makala ya kupikia. Hii juma sikukunywa. Jana nilitaka, nikalia, sikukunywa. Ndiyo ile tu."

"Aksanti, mama," wakaitikia wote, kwa sauti ile ile waliyonipokelea mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hiki hakikuwa kilio; ndio mkutano niliokuwa nikiutafuta. Nimeona mashine kubwa kuliko nyumba zikila mlima hadi ukawa shimo, lakini sijapata kuona kitu kikubwa kama mama yule akisimama na kusema vile, akijua wazi kwamba mkwe wake anasikia. Angeweza kunyamaza. Angeniacha nimlilie maiti asiyekuwepo, ninywe chai yangu, niende zangu. Heshima yote aliyokuwa nayo mjini aliiweka chini mbele ya mtu yule yule ambaye yeye alimnyang'anya mke. Bado nilimwogopa, ila sasa kama mtu anavyoogopa kanisani watu wote wanaponyamaza kwa pamoja.

Zamu ikanifikia. Tata mwenye mvi akaniuliza kwa upole, "Na weye, tata, ulikuya kulilia nani?"

Wakacheka kidogo, kicheko kisichoumiza. Nikauacha ukuta. Nikamtazama bukwe wangu machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikasema, "Na miye ninakunywaka."

 Nilirudi siku ya posho iliyofuata, na iliyofuata tena, na bukwe wangu alikuwepo. Kuna siku nilianguka, nikanywa, nikaja nikasema nimeanguka. Kuna siku alianguka yeye. Chini ya turubai tulisikilizana kama watu wawili tu. Tukikutana sokoni, mimi naingia kando, yeye anatazama nyanya.

Jumapili moja baada ya ibada, nilikuwa uani nikifua mashati, nikasikia hodi. Alikuwa mke wangu, mtoto mgongoni, na nyuma yake, mbali kidogo kama inavyostahili, mama yake. Mke wangu alifika mlangoni akasita. Akamgeukia mama yake.

"Mama, uko hakika aliacha?"

"Hajaacha bado," akajibu mama mkwe wangu. "Tuko tunaacha. Yeye na miye."

Mke wangu alimtazama mama yake kama hajapata kumwona. Kisha akakaa polepole kwenye kizingiti, mtoto bado mgongoni, akasogea kidogo ili mama yake naye apate pa kukaa.