Mimi, Mama na Mgongo wa Shemeji Jijini Lusaka

Safari yetu ilianza kwa mama kukataa. Dada yangu Tumaini alikuwa amechumbiwa na Mulenga, dereva wa malori wa Kizambia aliyejifunzia Kiswahili kwenye foleni ya magari hapa Tunduma, mpakani. Foleni ile ukiikaa vizuri unaweza kumaliza darasa la saba. Baba alishakubali. Mama akasema hampeleki mwanawe kuishi Lusaka, mahali ambapo yeye hajui hata choo kiko upande gani.

"Basi nenda ukapaone," baba akamwambia. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Kazi yenyewe ilikuwa na utata. Kwetu sisi Wanamwanga, mama mkwe na mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawali pamoja, na wakionana njiani mmoja anakata kona, mpaka siku mkwe atakapopikiwa chakula maalumu cha kumfungulia mlango. Kwa kina Mulenga, ambao ni Wabemba, ni vilevile. Na Mulenga huyohuyo ndiye aliyetakiwa kututembeza mji mzima.

Nakonde, alasiri. Tuligongewa mihuri, tukapanda basi. Isoka, Mpika, Serenje: kila nikizinduka ni miti, na mama yuko macho, ameukumbatia mkoba kama kuku wa mtu.

Lusaka, asubuhi. Simu yangu ikaita stendi. Nina laini ya Zambia, kama kijana yeyote wa Tunduma.

"Shemeji, mama yuko upande gani?"

"Upande wa kulia wa stendi. Wewe uko wapi?"

"Nyuma ya nguzo. Basi mimi naangalia kushoto."

Tukaanza hivyo: Mulenga mbele, mimi katikati, mama nyuma amejitanda kanga mpaka puani. Barabara ya Cairo ni pana, katikati imepandwa miti, na maghorofa yake yanakulazimisha utembee umeachama. Mulenga akisema neno, nalipeleka nyuma, narudi na swali.

"Muulize, maji yanatoka bombani au wanachota?"

"Mwambie bombani. Ila siku nyingine yanagoma."

"Afadhali si mwongo," mama akasema. Hilo sikulipeleka, asije akavimba kichwa.

Mbele kidogo nikamdanganya Mulenga kwamba mama ana hamu ya aiskrimu. Akanunua mbili. Mama akaitazama ya kwake ikiyeyuka. "Huyu ananiona mimi mtoto?" Nikaona naivunja ndoa ya watu kwa ajili ya aiskrimu, nikazila zote mbili na kuacha biashara hiyo.

Mchana tulifika kwenye sanamu ya mtu anayekata mnyororo kwa mikono. Mama aliizunguka. "Muulize, huyu alikuwa anakula nini." Mabega ya Mulenga yakatikisika kwa kicheko. Halafu akatupeleka kwenye kibanda cha chikanda, kitu cha kahawia kinachokatwa vipande kama keki, kimepikwa kwa karanga na viazi vidogo vya porini.

"Mwambie viazi hivyo vinatoka huko kwenu. Vinapita Tunduma kwa magunia," Mulenga akasema.

Mama ameyaona magunia hayo maisha yake yote bila kujua yanakwenda wapi. Alimaliza kipande, akaomba kingine. Mulenga alikula chake nyuma ya kibanda.

Jioni, soko la Soweto. Nilisimama kutazama jamaa akinadi viatu vya mtumba kwa kucheza. Nikageuka, mama hayupo. Simu yake ilikuwa imezima. Nilipomwambia Mulenga akakimbia upande mmoja, nami nikakimbia upande wa pili.

Nilimwona mama ng'ambo ya barabara, kando ya rundo la kabichi, watu wakimpiga vikumbo, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Mulenga alikuwa ameshafika karibu naye.

"Mshike mkono tu, shemeji," nikapaza sauti.

Hakumshika. Alipita mbele yake bila kumtazama, akakohoa, akaanza kutembea taratibu. Mama akaujua ule mgongo, akaufuata. Taa za maduka zilikuwa zinawaka. Kila penye kuvuka Mulenga alinyoosha mkono, mabasi madogo yakasimama yakipiga honi, naye akawa anasikiliza kandambili za mama. Zikinyamaza, anasimama. Zikianza, anaanza. Hivyo mpaka mtaa wa Kamwala, kwenye geti la shangazi yake, tulikopangiwa kulala. Nilikuja nyuma yao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyenituma neno.

"Mwaiseni, karibuni," shangazi akatupokea, akapiga makofi ya salamu akichuchumaa. Mama naye akachuchumaa, akapiga yake. Nilipogeuka, Mulenga alishaondoka.

Mimi nilikwenda Lusaka nikidhani mila hii ni kujificha tu, mchezo wa wazee. Sikujua mtu anaweza kukutunza hivyo akiwa amekupa mgongo.

Tunduma, siku tuliyorudi, baba hakusubiri hata mama avue kanga. "Haya, umemwona mkwe?"

"Sura yake siijui," mama akasema, akaketi. "Mwite Tumaini. Mwambie akapimwe nguo ya harusi."