Sista wa wodi ya wazazi na mpira wa injini

Jamani, leo fundi wa pikipiki wa mtaa wa Hai Cinema ameniomba mimi mkunga nimfundishe kazi!

Mnajua pikipiki yangu. Mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa unatema oili kwenye kichujio cha hewa, kisha injini inazima. Kusafisha kichujio hicho, lazima ufungue kiti na tangi.
Na mama mwenye uchungu hasubiri!

Basi jana nikaurefusha mpira hadi ubavuni, ukaingia kwenye chupa tupu ya dripu. Kifuniko nikakitoboa tundu la pili.

Leo fundi akaiona pale gereji kwake, akacheka mbele ya wateja wote.
"Wallahi, sista, umeziba pumzi! Injini itaharibika!"

Nikamwonyesha lile tundu.
"Hewa inatoka hapa. Oili inabaki chini. Panda uende mpaka mtaa wa Atlabara, urudi."

Akaenda. Akarudi, injini haikuzima hata mara moja.
Nikafungua chupa, nikamwaga oili, nikafunga. Hata spana sikushika.

Akainama, akachungulia kwa muda mrefu.
"Sista... nionyeshe tena, polepole."

Wateja walivyopiga makofi!

Nimemwonyesha papo hapo. Ninyi mngemwonyesha, au mngemwacha kwanza alale na aibu?