Buli Lililosuguliwa kwa Sabuni

Sifa zote ni za Mola aliyetufinyanga kwa udongo akatutia uhai, na ambaye kila mmoja wetu atarejea kwake kwa saa asiyoijua. Namshukuru kwa pumzi ya leo, ingawa naandika hali moyo wangu haujapata pa kukaa. Ndugu wasomaji, rafiki yetu wa mtaa wa La Rochelle, katika mji huu wetu wa ugenini kusini mwa Afrika, muuza vitambaa mwenyeji wa Tanga, ametangulia mbele ya haki. Aliamka na maumivu ya kifua, na kabla ya adhuhuri simu ikanifikia huku mtaani kwangu Bertrams. Tumemzika, tumemsomea, tumerudi makwetu. Lakini mimi kila nilipokaa nilinyanyuka, nikafungua kabati, nikafunga. Ndani lilikuwamo bakuli lake la chai la Kijapani, la rangi ya majivu, na amana ya mtu aliyekufa haimwachi mtu asinzie.

Nieleze lilifikaje kwangu. Marehemu alikuwa mpenzi wa vyombo vya chai vya Kichina na Kijapani. Alianzia katikati ya mji, kwenye duka la jumla alikokwenda kununua chupa za chai. Mama wa Kichina mwenye duka akammiminia chai katika kikombe kidogo kama ganda la yai. Marehemu akaomba sukari. Yule mama akacheka hadi akashika kaunta, kisha akatikisa kichwa. "Nilidhani ni ubahili," alipenda kutusimulia. "Nikanywa kwa hasira. Kesho yake nikarudi, na hasira sikuiona tena!" Baadaye tukawa kikundi: Watanzania, Wakongomani, Mkenya mmoja. Tulikutana Jumamosi, kila mtu na chombo chake, na sheria aliitunga yeye: chombo hakilali kwa mwenyewe. Ulichokuja nacho unamwachia mwenzako, nawe unaondoka na cha mwingine, ukitumie hadi tukutane tena. Alisema kitu kizuri kikikaa na mtu mmoja kinamfanya mlinzi, na walinzi mji huu unao wa kutosha.

Basi mauti yalimkuta akiwa na buli la fundi cherehani mmoja, Mkristo wa Bukavu, na bakuli lake likiwa kwangu. Buli lenyewe ni la udongo mwekundu wa Kichina, dogo la kujaa kiganjani, lisilopakwa kitu cha kulifanya ling'ae. Udongo wa namna hiyo hunywa chai pamoja nawe. Huoshwa kwa maji ya moto tu, na mwaka hata mwaka buli huzidi kuwa jeusi na kunukia, mpaka maji matupu yakimiminwa humo hutoka na harufu ya chai. Fundi alikuwa amelilea tangu alipoingia mji huu, akiwa hana kingine cha kukiita chake.

Mimi na fundi tulikwenda pamoja kumjulia hali mjane, aliye ndani ya eda. Binti yake alikuwapo. Nilipoliweka bakuli mezani na kusema ni mali ya warithi, mjane alinishukuru, akainuka upesi kama mtu mwenye zawadi. "Na mimi ninayo amana yenu," akasema. Akarudi na buli. Lilikuwa jekundu kama tofali jipya. "Marehemu hakutaka niliguse. Lilikuwa limeshika uchafu, baba zangu, hata aibu kulirudisha kwa mwenyewe. Nimelisugua kwa stili waya na sabuni siku mbili!"

Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Alilifunua, akalinusa. Harufu ya limau ilinifikia hata mimi. Mjane akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza? Nimekosea?"

"Mama, nikuambie kweli," fundi akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Hii haioshwaka na sabuni. Ile uchafu uliona, njo chai ya miaka yote."

Mjane akaziba uso kwa mtandio. "Mungu wangu! Alikuwa ananiambia tu, 'Usiguse.' Hata siku moja hakuniambia kwa nini."

"Basi bwana yako njo alikosea, si weye. Alikuachia buli, hakukuachia sheria." Akamgeukia binti. "Lete maji ya moto, mtoto. Tukunywe."

Tukanywa. Ilikuwa chai mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa. Fundi alionja, akakunja uso, akasema, "Marehemu angekuwa hapa angesema chai ya leo imetawadha." Mjane akacheka, na katikati ya kicheko kilio kikamshika, nasi tukamwacha alie. Tulipoinuka, fundi alilisukuma buli kuelekea kwake. "Chombo hakilali kwa mwenyewe, mama. Ni zamu yako. Unywe nayo kila siku, ile limau itatoka. Eda ikiisha utaileta mwenyewe siku ya Jumamosi."

"Mimi? Kwenye kikundi chenu?"

"Eish, mama, chukua," binti akasema, naye tayari alikuwa ameliweka bakuli la babake kifuani.

Tangu siku hiyo nawaza. Sisi wageni wa mji huu tumejifunza kumpa chombo mtu wa nchi nyingine, wa dini nyingine, bila hofu. Ila ukarimu wetu uliishia mlangoni. Walio ndani tuliwaachia neno moja tu, "usiguse", na mwisho wao ndio wanaobaki na vyombo vyetu. Wangapi wanaodhani wanaosha uchafu, kumbe wanaosha maisha ya mtu, nao hawana kosa? Wosia wa mali tunauandika. Sababu ya kuipenda ile mali hatuisemi, tukidhani ipo siku.

Jioni ya siku hiyo, niliporudi nyumbani, nilimwita mke wangu kutoka jikoni, nikamwambia aketi nimfundishe kumimina. "Leo jua limechomozea wapi?" akaniuliza. Akaonja, akaomba sukari. Nilicheka hadi nikashika meza.

Mfundishe wa nyumbani kwako, msomaji, kabla hajakuuliza mbele ya watu kama amekosea. Mola amrehemu ndugu yetu, ampe subira mjane wake, na wewe uliyenisoma akujaalie nyumba yenye maji ya moto, mkono wa kumimina, na mtu wa kunywa naye.