Ungo wa Unga Kalenga

Yule mama alikuja kutupa pole kwa kilio ambacho hakuna aliyeweza kukisikia isipokuwa mimi. Sitii chumvi. Kilio kilikuwa ndani ya visikizio nilivyovaa masikioni. Hata Haule, mwenzangu aliyekaa pembeni yangu, hakukisikia.

Ilikuwa miaka ya sabini, alasiri ya ukungu, Kalenga. Tulikuwa tunatia sauti filamu yenye mazishi, kwa kinanda cha umeme cha kuazima kilichotakiwa Mbeya upesi. Ili tuwahi, sikutunga kila sauti upya. Nilitengeneza mlio mmoja wa msingi, kisha nikawa nageuza vifundo vya kinanda kimoja kimoja: ukawa upepo, ukawa ngoma ya mbali, mwisho ukawa mwanamke analia. Waya ulitoka kwenye kinanda ukaingia moja kwa moja kwenye tepu rekoda. Maikrofoni hatukuwa nayo. Nje jenereta ilinguruma.

Mara hodi. Mama wa makamo, ungo wa unga mikononi.

“Kamwene,” alisalimu kwa Kihehe. “Poleni na msiba, wanangu. Nimesikia kilio. Nani ametutoka?”

Haule akacheka. Yeye Mngoni, na kwa Mhehe Mngoni ni mtani. Msibani mtani hujilaza kama maiti, haamki mpaka wafiwa wampe chochote. Basi akajinyoosha chali sakafuni.

“Ni mimi, mama! Wahehe mmeniua kwa uchoyo. Nikomboe niamke!”

Mama hakumpa kitu. Hakucheka pia. Aliweka ungo miguuni pa Haule, akavua khanga ya begani, akamfunika uso.

“Haya, Haule,” alisema. “Nimeshakulilia.”

Akatoka. Nani alimtajia jina lile? Nilirudisha kanda nyuma nikasikiliza. Katikati ya kilio changu kulikuwa na sauti ya pili, haikutoka kwenye kifundo chochote nilichogeuza, nayo ilikuwa inamwita: Haule, Haule.

Kule, chombo cha rambirambi hurudishwa kwa mwenyewe msiba ukiisha. Tulizunguka na ungo ule nyumba kwa nyumba, tukafika hadi Idodi. Hakuna aliyemjua yule mama. Filamu tuliimaliza bila kilio.

Haule yu hai, niamini, ila tangu siku ile halali chali. Nawe ukipewa pole usiyoielewa, usifanye utani. Uliza kwanza imetoka wapi.

Ungo umetundikwa ukutani kwa Haule mpaka leo. Hatujapata wa kumrudishia.