Mume Anapimwa Tangu Lini?

Shangazi yangu wa Butiama ana mke. Usishtuke, kwetu Mara si jambo geni. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto wa kiume, naye akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa binti wa watu amzalie watoto wa boma. Tangu siku hiyo anahesabika mwanaume. Vikaoni anakaga na wazee, na nyama anakatiwa fungu la wazee.

Mimi niko Musoma, pale Nyasho, nauza vitenge. Niliwahi kupimwa nikakutwa na HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Nililia mpaka nyumbani, nikajua nimekwisha. Kumbe wapi! Niliporudia kipimo vilikuwa vimeshaondoka vyenyewe. Toka hapo nikawa mhubiri, anayenunua kitenge kwangu anaondoka na somo lake. Kwa hiyo niliposikia wanapima virusi hivyo hospitali ya Bunda, nikampigia shangazi simu wajiandae wote wawili.

Tulipofika, akamsukuma mke wake mbele, yeye akaenda kukaa benchi la wanaume waliosindikiza wake zao.

"Na wewe unapimwa, shangazi," nikamwambia.

"Mimi nimeleta mke. Mume anapimwa mlango wa kizazi tangu lini?"

Wanaume wakacheka. Mimi nilikasirika kwelikweli, maana nimeona wanawake wanaletwa hospitali wakati dawa haisaidii tena. Nikainama, nikamwambia polepole kwamba watoto wa boma lile ni wadogo, na akiondoka yeye mashamba yatagawanywa na mashemeji kabla matanga hayajaisha. Alinitazama vibaya sana. Kisha akainuka.

Siku ya majibu, mke alikuwa salama. Shangazi alikutwa na virusi. Nesi akamchungulia tena kwa makini, akasema ngozi ya mlango wa kizazi imeanza kubadilika.

"Nani kaniletea, na mimi mjane miaka yote hii?" shangazi akauliza.

"Wanawake wengi sana tunavipata, mama, hata aliyejua mwanaume mmoja tu," nesi akamjibu. "Kwa wengi vinaondoka. Kwako vimekaa, labda tangu ujana wako. Ila haijawa saratani. Tunapachoma kwa joto leo hii, unarudi nyumbani kwako."

Shangazi akapanda kitandani. "Basi vimekaa na mimi muda mrefu kuliko marehemu. Choma."

Baadaye alirudi kuangaliwa, akaambiwa pamepona. Jioni hiyo wazee wa kitongoji walikuwa na kikao, na mimi nilikuwepo nikigawa chakula. Akasimama bila kuombwa.

"Mimi mwanaume mwenzenu nimepimwa, nimekutwa, nimetibiwa. Kesho wake zenu wanaenda Bunda. Mwenye neno aseme."

Hakuna aliyeweza kumwambia akae, pombe ya harusi yake waliinywa wenyewe. Mzee mmoja tu ndiye aliyekohoa, akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mkeo wa kwanza ulimzika ukisema hivyohivyo."

Mzee akaweka kibuyu chake cha pombe chini. Asubuhi tulimkuta kituo cha basi, amevaa koti lake la kanisani, na wake zake wawili waliobaki.