Mbok Painah na Ini la Mume Wangu

Nianze na hili, maana hapa Sukoharjo bado kuna watu wana midomo michafu: Mbok Painah hakumdhuru mume wangu. Anayetaka kubisha aje kwangu, mlango uko wazi.

Mbok, ndivyo tunavyomwita mama mzee huku, ana miaka sitini na minane, na arobaini na tano kati ya hiyo ameuza jamu, dawa ya kunywa ya mizizi. Huku kwetu kila nyumba ina mama yake wa jamu, na wetu ni yeye. Chupa nane ndani ya kapu, kapu mgongoni kwa mbeleko, na mkononi ndoo ya kuoshea glasi. Alfajiri anasaga mwenyewe kwenye jiwe, mashine hataki hata kuisikia. Ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha viganja vyake vilivyokolea njano ya mizizi: "Hivi vimelea watoto watano. Hiyo mashine yako imelea nani?"

Mume wangu Tukiran ni fundi wa kuezeka mapaa. Alipopatikana na kifua kikuu alipewa vidonge vya miezi sita. Vikali hivyo! Chakula akawa hataki hata kukiona. Mbok akanishika bega.

"Warsi, vidonge asiviache hata siku moja. Kifua mimi sikitibu. Mimi nalitunza ini tu, lisichoshwe na hivyo vidonge, na tumbo likumbuke wali."

Akaenda mwenyewe zahanati kumweleza nesi, Bu Lestari, atampa nini na kiasi gani. Basi kila asubuhi ikawa nusu glasi ya temulawak, mzizi ulio ndugu na manjano, na sukari guru kidogo. Tukiran akaanza kula, mpaka akawa anaomba kuongezwa.

Mwezi wa tatu wa vidonge macho yake yakageuka njano, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Bu Lestari akapima damu, uso ukambadilika. Akasimamisha vidonge vyote, na jamu pia.

"Ini linaumia," alisema. "Tukiendelea na dawa linaweza kufa. Na bila dawa, kifua kitarudi."

Nikamchukua mume wangu, tukarudi nyumbani.

Kijiji hakikungoja. Ni jamu ya yule kikongwe, wakasema. Kufika Ijumaa milango ilikuwa inafungwa akipita, na jioni anarudi na chupa zake zimejaa. Na mimi, niseme tu aibu yangu, mimi ndiye niliyemfokea wa kwanza. "Mbok, umemfanya nini mume wangu?"

Alitua kapu, akaingia ndani, akamsimamia Tukiran pale kitandani.

"Fungua mdomo." Akanusa kama anavyonusa mizizi sokoni. "Kuna kingine unakunywa. Cha nani?"

"Sinywi kitu, Mbok."

"Tukiran! Nilikuogesha siku uliyozaliwa. Usinichezee."

Mwanaume mzima akaanza kulia. Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa vipakiti vya unga vyenye picha ya jogoo, jamu ya maumivu ya mgongo. Alikuwa anavinunua kibandani, vitatu kwa siku. Kumbe bado alikuwa anapanda mapaa ya watu kwa siri, mgongo unamuua, akaona haya kumwambia Mbok kwamba jamu yake haimpozi. Huku kwetu kunywa jamu ya mwingine ni sawa na kusukuma sahani ya mama yako. Alificha asimuudhi! Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inamuua, jamani.

Mbok akalamba unga kidogo, akatema.

"Mzizi huchelewa kuuma ulimi. Huu umeuma papo hapo. Humu wamesaga vidonge."

Akavifunga kwenye ncha ya mbeleko, akaenda zahanati kwa miguu. Wiki iliyofuata majibu ya maabara yakaja: dawa ya maumivu ya hospitali, nyingi, imechanganywa kwa siri. Ini la mume wangu lilikuwa limebebeshwa mizigo miwili.

Bu Lestari akakataza jamu yoyote mpaka aseme yeye. Majirani wakangoja Mbok anune. Thubutu! Kila asubuhi alitua kapu lake mlangoni kwangu, akaosha glasi ile ile, akamimina maji ya uvuguvugu matupu. "Kunywa. Jamu yako ya leo ni hii." Wiki kwa wiki, hakukosa.

Macho yakatakata. Vidonge vikarudishwa kimoja kimoja, damu ikipimwa kila mara, mpaka siku Bu Lestari aliposema Tukiran amepona, na temulawak ruksa.

Kesho yake waliofunga milango walijipanga barazani kwangu na glasi zao. Nilishika ile mikono ya njano mbele yao wote, nikamwomba Mbok msamaha kwa sauti, kila mtu asikie.

"Punguza kelele, Warsi. Lete glasi ya mumeo kwanza."

Akamimina nusu, akaiinua kwenye jua, akamvuta Tukiran kidevu na kumchungulia macho.

"Njano ikae humu," akasema, akigonga glasi kwa ukucha. "Huko kwenye macho nisiione tena."

Tukiran akanywa yote. Akamrudishia glasi, kisha bila kuambiwa, akafungua mdomo anuswe.